Mafuta ya nazi Kampala: nenda sokoni asubuhi

Ninatengeneza sabuni na mafuta ya nywele hapa Kampala, na hakuna kinachonila pesa kama mafuta ya nazi. Uganda haina pwani. Nazi nyingi unazoziona hapa zimetoka Kenya au Tanzania, zikavuka mpakani, kama pale Malaba au Busia, na kila aliyezishika njiani kaongeza chake. Bei ya Mombasa huipati huku. Unachoweza kukwepa ni kuuziwa mafuta mengine kwa jina la nazi.

Hatua ya 1: Unayataka ya nini?

Ya sabuni, chukua yaliyosafishwa kiwandani, yasiyo na harufu. Kostiki soda itaiua harufu ya nazi hata ukiilipia. Ya kula, ya nywele au ya kumkanda mtoto, tafuta yanayonukia tui.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa lita

Tuseme kichupa cha mililita 250 ni shilingi 12,000. Unaona rahisi, kumbe lita ni 48,000. Uliza pia kama unapimiwa kilo au lita, maana lita moja ina gramu kama 920 tu.

Nina kipimo kingine. Nikikuna na kukamua mwenyewe nyumbani, lita moja hunilia nazi kavu 12 hadi 15. Basi uliza bei ya nazi moja sokoni Nakasero, uzidishe. Anayekuapia kwamba ameyakamua jana hapa hapa mjini, naye anauza lita kwa bei ya nazi tano, muulize nazi zake anaokota wapi.

Hatua ya 3: Pa kununua

Ukitaka dumu, ingia Kikuubo, kwenye maduka ya jumla katikati ya mji, na jihadhari na mikokoteni. Kidogo kidogo, Nakasero na maduka ya vyakula vya Kihindi. Ya kula ya chupa, supamaketi, uangalie nembo ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na tarehe. Ukikuta kwenye maandishi neno paraffinum, rudisha: hayo ni mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, yaliyotiwa harufu ya nazi. Mwenye ndugu Mombasa anaweza kuagiza, ila nauli ya mzigo na ushuru aviingize kwenye hesabu. Sisi huagiza watu watatu kwa pamoja.

Hatua ya 4: Nenda asubuhi

Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Kampala hushuka hadi 17 au 18. Baridi hii ndiyo maabara yetu, tena ya bure. Asubuhi mafuta halisi huwa meupe, yameganda. Mchana yote ni maji, huwezi kutofautisha.

Niliwahi kununua dumu la lita tano saa tisa alasiri, bei tamu, "kasitoma" nyingi mdomoni mwa muuzaji. Kesho yake lilikuwa uji. Yalichanganywa na mafuta ya kupikia.

Usijaribu kwenye friji. Mafuta ya mawese nayo huganda humo, na mawese Uganda si haba, michikichi yake inalimwa hadi Kalangala, visiwani Ziwa Viktoria. Acha kichupa usiku kucha kwenye sakafu ya saruji.

Yakiganda, bado hujamaliza, maana yapo mafuta magumu ya kukaangia yanayoganda vizuri zaidi. Chukua punje, weka kiganjani. Ya nazi huyeyuka papo hapo. Yale mengine hubaki yamenata kama nta. Kisha nusa. Ukisikia harufu ya karanga kuukuu, yamechacha.

Hatua ya 5: Anza na kidogo

Usinunue chupa zilizokaa juani barabarani, na nyumbani usichovye kijiko chenye maji. Mara ya kwanza chukua robo lita tu, uilaze sakafuni. Asubuhi mrudie muuzaji yule yule na kichupa kilichoganda mkononi, umwamkie vizuri kwa Kiganda, "Wasuze otya nnyabo," ndipo muongee bei ya dumu.