Krediti za Chuo Kabla ya Kumaliza Sekondari: Mwongozo kwa Wazazi Walioko Minnesota

Wengi wetu tuliosomea Kenya, Tanzania au Kongo tulikua tukijua kwamba masomo ya chuo huanza baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari kufanywa na matokeo kutoka. Kwa hiyo mtoto wa darasa la 11 anapoleta nyumbani fomu ya kuomba kusoma chuoni akiwa bado sekondari na kujipatia krediti (vipimo vya masomo ya chuo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada), baadhi ya wazazi huiweka kando wakidhani inawahusu watoto wachache wenye vipaji vya pekee. Fomu hiyo isiwekwe kando, kwani inaweza kuiokolea familia maelfu ya dola.

Katika mwaka wa masomo wa 2024–25, vyuo vikuu vya umma vya Marekani viliwatoza wakazi wa jimbo karo ya wastani wa dola 11,610 kwa mwaka, kabla ya chakula na malazi. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kiliwapandishia karo wanafunzi wakazi wa shahada ya kwanza kwa asilimia 6.5 mwaka 2025.

Fomu hiyo huwa ya mpango wa PSEO (Postsecondary Enrollment Options). Mpango huo, ulioanzishwa kwa sheria ya Minnesota mwaka 1985, unawawezesha wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kusoma masomo ya chuo ambayo huhesabiwa pia katika cheti chao cha sekondari, huku jimbo likilipa karo, ada na vitabu vinavyotakiwa. Vitabu ni mali ya chuo na hurudishwa muhula ukiisha. Anayetaka kuanza muhula wa vuli huiarifu wilaya yake ya shule kabla ya Mei 30, na kila chuo kina masharti yake ya kuwapokea waombaji, kwa hiyo mazungumzo na mshauri wa shule yasingoje majira ya kuchipua.

Jambo linaloamua kama fedha zitaokolewa kweli ni mahali krediti zitakapopelekwa. Mwanafunzi anayekamilisha krediti 40 za mtaala wa uhamisho wa Minnesota (masomo ya jumla ambayo vyuo vya umma vya jimbo hupokeana) huwa amemaliza masomo ya jumla yanayotakiwa na vyuo vya umma vya jimbo hilo, lakini chuo binafsi au cha jimbo jingine hujiamulia kitakachopokewa. Hata krediti iliyopokewa inaweza kuhesabiwa kama somo la hiari tu, lisilopunguza hata muhula mmoja wa shahada. Katika jamii yetu, ambamo vijana wengi huelekezwa kwenye uuguzi, lazima ifahamike kwamba programu nyingi za fani hiyo hazikubali masomo ya anatomia na fiziolojia yaliyosomwa miaka mingi iliyopita. Kabla ya kuchagua somo, mtoto akiandikie barua pepe chuo anachokitamani, ataje jina la somo na chuo kinacholifundisha, kisha ahifadhi jibu.

Alama za chuo hazifutiki. Somo alilofeli mtoto akiwa na miaka 16 hubaki kwenye rekodi yake, na linaweza kuhesabiwa chuo kinapopima kama maendeleo yake yanatosha kuendelea kupata msaada wa fedha wa serikali. Mzazi naye ajue kwamba, kwa sheria ya shirikisho ya faragha, mtoto aliyeandikishwa chuoni ndiye mwenye haki juu ya rekodi zake za huko hata kama hajafikisha miaka 18, na mara nyingi mwalimu wa chuo hatakujibu ukimpigia simu kuuliza alama. Kubalianeni mapema, mzazi na mtoto, kwamba mtafungua ukurasa wa alama pamoja kila wiki, hasa kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa katika somo.

Mitihani ya AP (Advanced Placement), inayohusu masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, hufanywa kila Mei na kupewa alama 1 hadi 5, nayo ni njia nyingine ya kupata krediti. Vyuo vya Minnesota State, mfumo wa vyuo vya umma vya jimbo usiojumuisha Chuo Kikuu cha Minnesota, hutoa krediti kuanzia alama 3, ilhali vyuo vyenye ushindani mkubwa mara nyingi hudai 4 au 5. Kwa kijana mwenye bidii ya kila siku ambaye hutetereka katika mtihani mmoja mkubwa, mimi ningeichagua PSEO.

Sekondari ikiisha, cheti chake pekee hakitahamisha krediti hizo: mwanafunzi aombe nakala rasmi ya matokeo kutoka kila chuo alichosomea, na alama za AP azitume chuoni kupitia College Board, shirika linaloendesha mitihani hiyo.