Zabibu za nyumbani: namna ya kuvuna na kuzitunza zisiharibike

Sisi wenye mizabibu miwili mitatu uani hapa Dodoma kinachotuponza ni haraka, zabibu ikishakolea rangi tu mtu kashachukua mkasi. Jamani, zabibu sio embe, huwezi kuikata mbichi ukaifunika ndani iive, ikishatoka kwenye mti utamu wake umeishia hapohapo. Usiamini rangi, amini ulimi. Onja punje za chini kabisa kwenye ncha ya kichala, maana mara nyingi hizo ndo zinachelewa kuiva, afu angalia mbegu: ikiwa kijani bado, ikiwa kahawia na ngumu ukiitafuna, hapo kata.

Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, na tena wa nane na wa tisa. Ule wa mvua ndo wenye kazi. Mwaka juzi nilivuna asubuhi baada ya mvua ya usiku, nikazijaza kwenye ndoo ya lita 20, kesho yake za chini zimepasuka na zinanuka kama pombe, iliniuma sana. Kwa hiyo subiri umande au mvua ikauke ila jua lisiwe limeshawaka, shika kichala kwenye kikonyo na usikibane punje, maana ule unga mweupe juu ya ganda sio dawa wala vumbi, ni nta yake yenyewe inayoikinga isinyauke. Panga kwenye boksi au kreti, safu moja tu. Na kama ulipiga dawa, soma kwanza kibandiko uone siku za kusubiri.

Usizioshe kabla ya kuhifadhi! Osha za kula saa hiyohiyo. Toa punje zilizopasuka kwa mkasi, moja tu inaozesha kichala kizima, weka zilizobaki kwenye friji ndani ya mfuko wenye matundu, mbali na vitunguu maana zinavuta harufu, wiki moja hadi mbili zinakaa vizuri. Bila friji hesabu siku mbili tatu, kivulini penye hewa.

Zikizidi, kausha. Mavuno ya mwezi wa nane ndo mazuri kwa hili, hewa ya Dodoma kipindi hicho kavu kabisa. Zichovye kwenye maji yanayochemka sekunde chache ganda lipate nyufa, zitandaze kwenye wavu ulioinuliwa, funika na chandarua kwa ajili ya nzi na nyuki, geuza kila siku na jioni ingiza ndani. Kilo nne zinakupa kama kilo moja ya zabibu kavu. Ukiibonyeza isitoe maji, ndo tayari, tia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, na kesho yake ichungulie, ukiona jasho ndani ya chupa zirudishe juani.