Radi Ikikukuta Malishoni na Farasi

Nianze na neno ambalo wapenda farasi wenzangu hawapendi kulisikia: ukishasikia ngurumo, muda wa kwenda kuwatoa farasi malishoni umepita. Ingia ndani wewe. Nasema hivi kwa kuwapenda hao farasi, kwa sababu mtunzaji akipigwa na radi hakuna wa kuwafungulia lango mvua ikiisha.

Ngurumo ikikufikia masikioni, radi nayo inaweza kukufikia. Sauti huchukua kama sekunde 3 kusafiri kilomita moja, kwa hiyo ukiona mwanga ukahesabu hadi 30 kabla ya mlio, radi iko umbali wa kilomita 10 hivi. Inaonekana mbali, lakini radi imewahi kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka kwenye mvua yenyewe, juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa bado anaona jua. Usingoje tone la kwanza.

Ndiyo maana siku ya mawingu mazito mimi hupindua mpangilio wa kazi. Za malishoni zinatangulia: kupeleka nyasi kavu, kusugua hori la maji, kukagua uzio. Kuzoa samadi, kupiga brashi, kupaka mafuta hatamu na matandiko, hizo ni za bandani na zinaweza kusubiri. Mashine ya uzio wa umeme naichomoa mapema, anga ikiwa bado tulivu, maana radi ikipiga waya hata mbali hufuata waya huo mpaka kwenye mashine na nyaya za banda.

Farasi nao husema, ukiwatazama. Tunaye jike mzee wa kijivu ambaye huacha kula akiwa na nyasi nusu mdomoni, akainua kichwa, masikio yote mawili yakaelekea upande mmoja. Kisha huugeuzia upepo makalio. Wenzake wakianza kumfuata, nami naanza kuwaingiza, sihitaji ushahidi mwingine.

Sasa tuseme imekukuta katikati ya njia, farasi mkononi. Kamba usiizungushe kiganjani hata siku moja, na siku kama hiyo ndiyo kabisa. Ikunje mikunjo mirefu uishike kwa katikati, ili farasi akiruka ikuchomoke bila kuondoka na vidole. Tembea ubavuni pa bega lake, si mbele yake, kwa sababu farasi aliyeshtuka hukimbilia mbele na wewe utakuwa ndiyo njia. Kama banda liko karibu, endelea. Kama liko mbali, na hapo mlipo pana uzio, mvue hatamu umwachie, uende zako. Usimwachie hatamu yenye kamba inayoburuta, maana akiikanyaga anaweza kuvunjika shingo. Uliyempanda, shuka. Mtu juu ya farasi ndiye kilele cha uwanja mzima.

Langoni ndipo wengi huumia. Farasi wote husongamana pale wakitaka kuingia, lango ni la chuma, uzio ni wa seng'enge, na wewe uko katikati yao umeshika komeo. Kundi likishakuwa na hofu, usiingie humo kumchagua mmoja.

Mti uliosimama peke yake ni mtego kwenu nyote. Radi ikishuka kwenye mti haiishii pale, husambaa ardhini pande zote, na nguvu yake hupungua kadiri inavyokwenda mbali. Farasi miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, basi umeme hupanda kwa miguu ya mbele au ya nyuma, ukapita kifuani, ukatokea kwa ile mingine. Hivyo ndivyo wanyama kadhaa wanavyokutwa wamekufa chini ya mti mmoja bila yeyote kati yao kuguswa na radi yenyewe. Kama malisho yako yana mti wa namna hiyo, uzungushie uzio wa mbao kabla ya msimu wa mvua.

Pa kukimbilia ni nyumba iliyofungwa, yenye kuta, nyaya na mabomba, au gari lenye paa la chuma, vioo vimepandishwa. Kibanda cha wazi na trekta lenye paa tu lisilo na chumba cha dereva hukinga mvua tu. Ukikosa vyote, ondoka mlimani, jitenge na miti mirefu, uzio na maji, wala usilale chini. Miguu iwe pamoja, kwa sababu ile ile iliyomuua farasi chini ya mti.

Bandani usiegemee nguzo za chuma, usifungue bomba, usimwogeshe farasi, wala usisimame mlangoni kutazama. Wape nyasi kavu, kutafuna huwatuliza. Taa ikiwaka mapema, mwanga wa radi hauwashtui sana. Anayerusha mateke muache peke yake chumbani mwake, ongea naye ukiwa nje.

Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Waya wa umeme ulioanguka uhesabu una umeme, kaa mbali nao na uwaite wenye laini ya umeme. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse bila woga: asipopumua ita msaada na anza kumkandamiza kifua mara moja, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwa farasi, tafuta mstari wa manyoya yaliyoungua, kupepesuka, kichwa kilichoinama upande, au asiyegeuka ukimwita. Lolote kati ya hayo ni la daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Farasi wengine uwapapase miguuni kutafuta mikwaruzo ya seng'enge, inua kila ukwato, kisha wafute maji kwa gunia kavu kuanzia shingoni, ukimalizia mgongoni pale tandiko linapokaa.