Acha Kivuli: Namna ya Kunyoa Ndevu Bila Kuota Vipele

Bwana harusi mmoja alinijia Alhamisi usiku, baada ya isha. Nikaha yake ilikuwa kesho yake. Akaketi, akajipapasa shavu, akaniambia, "Ami, leo n'toe zote. Nataka mkono ukipita uteleze." Nikamtoa zote. Nilishusha wembe, nikaupandisha, nikaivuta ngozi kwa kidole gumba mpaka ikakaza kama ya ngoma, kisha nikapita mara ya tatu. Alitoka kibandani shavu linang'aa kama bilauri, akaniachia na bakshishi juu.

Jumatatu alirudi. Shingo yote, kuanzia chini ya taya mpaka kwenye koromeo, ilikuwa kama imemwagiwa mtama. Hakunigombeza. Alinambia tu kwamba kwenye picha zote za walima ameinua kola.

Kosa lile lilikuwa langu. Nina miaka 19 katika kazi hii ya kinyozi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na mpaka siku ile nilikuwa nikiamini, kama wanavyoamini wateja wengi, kwamba vipele ni uchafu. Mtu akiota, tunasema wembe ulikuwa mbaya, au mashine haikupigwa spiriti, au damu yake chafu. Uchafu upo na una madhara yake, nitaufikia. Lakini vipele hivi vya ndevu ni jambo jingine: ni ndevu zako mwenyewe zinazorudi ndani.

Ukitaka kuamini, chukua unywele mmoja wa kidevuni uuweke juu ya karatasi nyeupe. Kwa wengi wetu haulali sawa, umepinda kama ndoana. Wembe unapoukata unauacha na ncha kali, iliyochongoka kama fito. Sasa ndoana hiyo yenye ncha inaota. Ama inatoka nje, inapinda, inaingia tena kwenye ngozi kando kidogo ya pale ilipotoka. Ama imekatwa chini ya usawa wa ngozi, na kabla haijafika nje inatoboa ukuta wa kishimo chake humo humo ndani. Ngozi nayo haijui kwamba ule ni unywele wa mwenyewe. Inauona kama mwiba, inavimba, inatunga maji, ikipona inaacha doa jeusi. Bwana harusi wangu yalimpata haya ya pili, kwa sababu niliivuta ngozi. Nilipoiachia, ncha zote zilizama ndani.

Ndiyo maana wateja wangu wenye nywele za singa hunyoa kila asubuhi kwa wembe wowote na hawana habari. Na ndiyo maana zile nyembe za mpini zenye makali mawili, matatu, mpaka matano, hazitufai sana. Gillette walianza kuuza ule wa makali mawili Marekani mwaka 1971, na mpango wake ni huu: makali ya kwanza yanauvuta unywele, ya pili yanaukata ukiwa umevutwa, kisha kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Kwa mwenye singa ni raha tupu. Kwa mwenye nywele za kipilipili ni kazi ile ile niliyoifanya kwa kidole gumba, ila hii inafanywa na kiwanda.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: usitafute kuteleza. Acha kivuli. Ukijitazama kwenye kioo uone weusi kwa mbali, na ukipitisha kiganja usikie kama msasa laini. Ukifanya hilo tu na usifanye jingine lolote, vipele vingi vitakukimbia.

Namna rahisi ya kuacha kivuli ni mashine. Iweke iache kama milimita moja. Usiikandamize, ilaze juu ya ngozi iteleze kwa uzito wake. Vinyozi tuna tabia ya kusogeza meno ya mashine mpaka yalingane kabisa, mteja aone tumekata kama wembe. Mwambie kinyozi wako asikufanyie hivyo shingoni. Ikiwa mashine inakuuma au inachoma, ama meno yamechoka ama haijatiwa mafuta, na una haki ya kuinuka kitini nusu kichwa.

Kuna watu lakini ambao hawana hiari. Nina mteja anayehudumia mezani kwenye hoteli ya pwani ya kaskazini, na huko mkubwa wake hataki kuona hata kivuli. Askari wa ulinzi nao ni vivyo hivyo. Huyu lazima ashike wembe, basi na aushike vizuri.

Kwanza ajue ndevu zake zinalala wapi. Hili watu hawalifanyi kabisa. Chukua kipande cha pamba ukiwa na ndevu za siku mbili, kipitishe polepole shavuni kutoka juu kwenda chini. Kikiteleza, umefuata ulalo. Kikinasa nyuzi, unakwenda kinyume. Fanya hivyo uso mzima. Shavuni kwa kawaida zinalala kwenda chini, lakini shingo ina mambo. Mtu yule yule, upande wa kulia zinapanda kuelekea sikioni, kushoto zinalala kwa mshazari, na chini ya koromeo zimejizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Mteja wangu wa hoteli nilimchorea kwenye karatasi, mishale mishale, akaibandika kando ya kioo chake Kisauni. Alicheka, lakini wiki ile ile aliona tofauti.

Pili ni maji. Unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa nyavu. Ukilowa unalainika, na wembe hauna haja ya kuburura. Lowesha uso kwanza, nyoa baadaye. Yaani: oga kwanza, au loweka taulo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, ulilaze usoni dakika tano. Hapa Mombasa kuna jambo la kuangalia. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na sabuni haitoi povu ndani yake, inafanya utando tu. Povu ndilo linalozuia wembe usikwaruze. Mimi siku bomba linapokauka nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni, nauweka kando kwa ajili ya nyuso peke yake. Nyumbani huhitaji zaidi ya kikombe. Tumia krimu ya kunyolea, au sabuni ya kuogea isiyo kali, upake kwa brashi kwa kuzungusha, kisha ukae na povu hilo dakika mbili tatu kabla hujagusa wembe. Sabuni ya kipande ya kufulia iache kwenye karai.

Tatu, wembe wenyewe. Makali mamoja, mapya. Wembe mmoja wa karatasi haufiki bei ya chapati, na bado nawaona watu wazima wanautumia mwezi mzima. Mimi nauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu naitia kwenye kisu cha kunyolea mbele ya macho ya mteja, nikimaliza naitupa kwenye mkebe. Mkono ushike kisu kwa wepesi. Usiivute ngozi. Usikandamize. Mapigo yawe mafupi, suuza wembe kila pigo la pili, na fuata mishale yako. Pita mara moja. Hapa ndipo nafsi inapokushawishi: utaona kidevuni pamebaki, utataka kupandisha kidogo tu. Ukipandisha hapo, umeshapanda kipele. Palipobaki paka povu tena, upite tena kwa kushuka, au paache.

Ukimaliza, maji baridi, kisha taulo la kugusisha, si la kusugua. Wazee wetu walitumia shabu, na mimi bado nina jiwe langu. Lilowe, lipite usoni taratibu, ngoja nusu dakika, suuza. Linakaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo. Ni la kila mtu peke yake, lisizunguke kibanda kizima. Anayeona linamkausha sana apake ute wa mshubiri au mafuta mepesi yasiyo na harufu. Spiriti usoni sitii tena. Inachoma, mteja anasikia kwamba dawa imeingia, lakini inachokifanya ni kukausha ngozi iliyokwisha kukwaruzwa. Marashi na uturi peleka kwenye nguo. Na ndimu, tafadhali. Kijana amenyoa, akajisugua ndimu, akatoka kwenda Mama Ngina, kule ufukweni, kutembea juani. Maji ya ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi huunguza kweli kweli, malengelenge na madoa meusi ya wiki kadhaa. Dawa ya meno nayo ni ya meno.

Sasa wewe ambaye tayari una vipele. Usinyoe juu yake. Najua si neno unalotaka kulisikia kutoka kwa kinyozi, nami ni riziki yangu. Lakini ngozi iliyovimba haikai sawa. Wembe unavikata vichwa vya vipele na unaanza upya. Acha ndevu ziote wiki nne mpaka sita. Wiki ya kwanza na ya pili utawashwa, na huenda ukaona vimezidi. Vumilia. Unywele ukishakuwa mrefu wa kutosha unajing'oa wenyewe kutoka ndani, kama upinde unaonyooka. Kuna mzee wa barazani kwetu ambaye kila akimwona kijana mwenye vipele humwambia, "Fuga, mwanangu, upate na thawabu." Anawatania, lakini kwenye tiba kasema kweli.

Wakati unangoja, kila asubuhi osha uso kwa maji ya uvuguvugu na uusugue kwa mswaki laini sana, ulionunuliwa kwa kazi hiyo, kwa mizunguko midogo. Unazinyanyua ncha zisipate kuingia. Ukiuona unywele mmoja umejikunja kama kitanzi, ncha zote mbili zimo ndani, chukua sindano uliyoifuta kwa spiriti, uipitishe chini ya kitanzi na uinue mpaka ncha moja itoke. Uishie hapo. Usiung'oe. Ukiung'oa unaona umeshinda, lakini unaoota tena unaanzia ndani kabisa na mara nyingi unarudi vile vile. Na ikiwa huoni unywele wenyewe, usichimbe.

Kwenye duka la dawa kuna krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, asilimia 5 inatosha. Hupunguza wadudu na uvimbe. Inatoa rangi kwenye mataulo na foronya, usije ukamsingizia dobi. Krimu za kujichubua na zile za tyubu zenye betamethasoni au klobetasoli, ambazo mtu ananunua kwa sababu jirani alipaka akapona, kaa nazo mbali mpaka daktari aseme. Vipele hupungua kwa siku chache, kisha ngozi inakuwa nyembamba na kubadilika rangi, na kuacha kwake ni taabu.

Poda ya kunyolea inafaa wengi. Inauyeyusha unywele badala ya kuukata, kwa hiyo ncha inabaki butu. Harufu yake ni ya yai viza, hilo halina dawa. Ijaribu kwanza mkononi siku moja kabla, fuata dakika zilizoandikwa kwenye mkebe bila kuongeza hata moja, iondoe kwa ukingo wa kijiko, suuza mara kadhaa. Usiitumie kila siku wala juu ya kidonda.

Kwapani na sehemu za siri kanuni ni zile zile, na huko jasho la kaskazi linazidisha. Sunna imeweka mwisho kuwa siku 40. Haikusema unyoe kila Ijumaa mpaka ngozi ichubuke.

Nimeahidi kusema juu ya uchafu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu hakisafishi mashine iliyojaa nywele; mwanga haupiti kwenye mabaki. Lazima meno yapigwe brashi kwanza, kisha spiriti, kisha iachwe ikauke. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye chombo kikavu siku saba na bado vikaambukiza, kwa hiyo wembe wa mwenzako usiukubali hata akiwa ndugu yako. Na ukiona duara lenye magamba linalowasha, hayo si vipele vya ndevu, ni mashilingi, na dawa yake ni nyingine kabisa. Usaha mwingi, maumivu na homa, nenda hospitali.

Mwisho ni kisogo, na hapa nazungumza na wenye kupenda kipara. Vile vinundu vinavyoota pale kola inapogusa, au ukingo wa kofia unapokaa, vikiachwa hukua, huungana, hugeuka kovu gumu ambalo nywele hazioti tena. Nimeviona kwa watu wanaokuja kila wiki na kusema "shusha zaidi." Huko nyuma sishushi. Naacha namba moja ya mashine, namwambia mteja avue kofia akiwa nyumbani, na vikiwa vimeshakuwa vigumu namwelekeza kliniki ya ngozi kabla hajakaa kitini. Wengine hukasirika, huenda kibanda cha tatu kutoka changu, ambako kijana huwapiga wembe bila maswali. Mmoja wao ni mjomba wangu.