Gari haliwaki asubuhi? Usikimbilie kununua betri

Washa taa kubwa, kisha piga stata huku mtu akiziangalia kwa mbele. Zikififia na ukasikia tik-tik-tik, umeme hautoshi: ama betri imeisha chaji, ama vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, vimelegea au vimeota ule unga mweupe. Kwangua, kaza, jaribu tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Taa zikibaki kali na stata ikagonga "ta!" mara moja tu, shuku stata yenyewe, ile mota inayozungusha injini. Injini ikizunguka vizuri ila haishiki, achana na betri. Fungua swichi bila kupiga stata: gari nyingi za petroli zenye injekta, pampu ya mafuta husikika ikivuma sekunde mbili hivi upande wa tangi. Kimya? Anza na fyuzi yake, bei ya pipi.