Kikapu cha mdomoni kwa poni mnene: kukichagua, kukipima na kumzoesha

Masika yakianza hapa Limuru, nyasi za kikuyu huota utadhani zinamwagiliwa usiku. Poni aliyekuwa na umbo lake zuri mwezi wa Februari, ikifika Mei mbavu hazipapasiki tena na ukingo wa shingo umekuwa mgumu. Wengi wakiona hivyo humfungia bandani kutwa. Mimi ni saisi, na kumfungia farasi mzima hivyo sikupendi hata kidogo. Anasimama peke yake, anatafuna mbao, na akifunguliwa anakula kwa pupa. Kikapu cha mdomoni, yaani kifuniko chenye matundu anachovalishwa mdomoni na puani, kinamwacha uwanjani na wenzake, akitembea na kula kidogo kidogo. Lakini kikikaa vibaya kinamchubua, na yeye hana mdomo wa kukwambia.

Hatua ya 1: Hakikisha anakihitaji

Pitisha vidole juu ya mbavu bila kukandamiza. Ukizisikia upesi, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi. Katika kipimo cha unene wa farasi cha Henneke cha mwaka 1983, chenye alama 1 hadi 9, alama ya 5 ni wastani mzuri, na kuanzia 7 nawaza kikapu.

Kisha mpime kwa futi ya fundi cherehani. Chukua mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, halafu gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa sentimita 155 na urefu wa sentimita 150 vinakupa kama kilo 303. Andika daftarini, urudie kila baada ya wiki mbili.

Ukikuta kwato zina joto, mshipa wa damu juu ya kwato unagonga kwa nguvu, na anasimama akijirudisha nyuma ili aipumzishe miguu ya mbele, hiyo ni laminaitisi, uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Hapo usihangaike na kikapu. Mtoe kwenye majani saa hiyo hiyo na umwite daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Chagua kikapu

Kuna vya ndoo, vya nailoni na kitako cha mpira chenye tundu moja katikati, na kuna vya wavu wa plastiki vyenye matundu mengi. Kwa jua letu nachagua wavu, kwa sababu hewa inapita na pua haibaki na unyevu. Kitako kilichozibwa kabisa usimwachie farasi malishoni.

Jambo moja sikubali lipuuzwe: lazima pawe na sehemu inayokatika akinasa, ama ukanda wa ngozi nyembamba utosini au kifungo cha velkro. Niliwahi kufunga kikapu kwenye hatamu ya nailoni tupu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Poni alijikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kwato ikaingia kwenye ukanda wa shavuni. Nilimkuta amelala, shingo imepinda, anatweta. Nilikata ukanda kwa kisu. Alipona, lakini tangu siku ile hatamu isiyokatika haiingii na kikapu kwenye uwanja wangu.

Hatua ya 3: Mvalishe na upime kwa vidole

Hapa usiwe na haraka. Mfunge mahali palipo kimya, umvalishe, kisha shusha kichwa chake mpaka chini kama anayekula, maana kikapu kinachokaa vizuri kichwa kikiwa juu huweza kuteleza kikiinama.

Kati ya midomo na kitako paache sentimita 2 na nusu hivi. Midomo ikigusa kitako muda wote, itachubuka. Nafasi ikizidi, ataishia kusukuma majani bila kuyafikia. Pembeni na juu ya pua vipite vidole viwili kwa urahisi. Ukingo wa juu usifike kwenye mfupa wa shavu wala karibu na jicho, na matundu ya pua yabaki wazi hata akitanua pua kwa kupumua. Ukanda wa kooni ukaze kiasi cha kikapu kutovuka masikio akijisugua kwenye nguzo.

Pitisha kidole ndani pande zote. Ukikuta ncha ya plastiki inayokwaruza, isugue kwa msasa. Panapogusa mfupa wa pua na kidevu, shonea manyoya ya kondoo.

Hatua ya 4: Mzoeshe

Siku ya kwanza, dakika kumi tu. Mpenyezee majani kwenye matundu kwa mkono wako, moja moja, mpaka ajue kwamba chakula kinapita. Kisha mpeleke kwenye maji na umngoje anywe kwa macho yako. Hori pana linafaa. Vibakuli vidogo vya kujijaza vinagonga kikapu. Ongeza muda kila siku.

Hatua ya 5: Tazama majani

Mara nyingi watu wanalaumu kikapu na kosa liko chini. Majani ya sentimita 10 hadi 15 yaliyosimama wima yanapenya. Yaliyo marefu sana yanalala, na yaliyokwanguliwa hayafikiki. Mtazame robo saa. Asipong'oa kitu, mhamishe.

Hatua ya 6: Saa na chakula

Mimi sivushi saa 12 kwa siku. Katika majaribio ya poni Uingereza, kikapu kilipunguza majani wanayokula kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo asikae na njaa. Kwa siku nzima apate chakula kikavu, yaani uzito wa chakula bila maji yaliyomo, kisichopungua asilimia 1.5 ya uzito wake: kwa yule wa kilo 303 ni kama kilo 4.5, majani na nyasi kavu pamoja. Mvue bandani, siyo kwenye majani mengi, la sivyo atafidia mengi kwa muda mfupi.

Huko bandani mpe pia chumvi na madini yenye kalsiamu. Nyasi za kikuyu zina oksaleti, kemikali inayoifunga kalsiamu mwili usiipate, na mwenye kikapu hawezi kulamba jiwe la chumvi akiwa nje.

Kila jioni osha kikapu, kisha chunguza kidevu, pembe za midomo, nyuma ya masikio na ncha za meno ya mbele. Nywele za kidevuni zikianza kukatika, mpumzishe siku mbili na uongeze manyoya ya kondoo kabla ngozi haijafunguka.