SOMO: Kutoa mifuko ya upepo nyuma ya Prado na kuweka springi za kawaida

Wakuu, naandika mara moja ili kila anayeniuliza nimtume hapa. Swali ni lilelile: "Asubuhi naikuta Prado imechuchumaa nyuma, nifanyeje?" Nazungumzia Prado 120, ya 2002 hadi 2009, yenye mifuko ya upepo kwenye ekseli ya nyuma, yaani ile ya mpira inayobeba gari badala ya springi. Mbele ina springi za kawaida, usiguse.

Kabla hujanunua kitu, paka maji ya sabuni kwenye mifuko, paipu na maungio gari likiwa limeinuka. Povu likitoka kwenye ungio tu, badilisha oringi (pete ya mpira ya ungio), hela yako imepona. Mpira ukiwa umepasuka kwenye mikunjo na kompresa (pampu ya kujaza upepo) inaunguruma bila kukoma, tuendelee. Ukichelewa, nayo itaungua.

Tafuta springi mbili za nyuma za Prado 120 ya milango mitano isiyo ya upepo, pamoja na raba zake. Duka litajifanya limesahau raba. Zidai.

1. Egesha pagumu, bonyeza kitufe cha OFF cha kimo, zima gari.

2. Weka kabari matairi ya mbele. Mwanza mawe hatununui.

3. Inua, stendi zikae chini ya chasisi, siyo chini ya ekseli. Toa matairi ya nyuma.

4. Legeza paipu ya upepo taratibu, uso ukiwa pembeni, mpaka iishe kupumua.

5. Chomoa vijiti vya sensa ya kimo. Jeki ikishika difu (lile tumbo la katikati ya ekseli), fungua boliti za chini za shokapu.

6. Shusha ekseli huku ukitazama mpira wa breki na waya za ABS. Mpira ukikaza kama kamba ya nanga, umepitiliza. Chomoa klipu ya juu, toa mfuko.

7. Hapa ndipo nilipoaibika. Springi ina ncha, na kwenye kikalio cha ekseli kuna mahali ncha hiyo inagota. Mara ya kwanza nilifunga usiku Nyakato, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, nikaona ya kushoto imekaa. Kumbe imepishana kwa upana wa kidole. Nikashusha gari, nikaliona limeinama kidogo, nikajisemea litakaa lenyewe. Tuta la kwanza Mabatini: ko! Springi imejizungusha na raba imetafunwa, na abiria wangu, ambaye ni shemeji, akaomba kushuka apande daladala. Kwa hiyo zungusha springi kwa mkono mpaka ncha igote, kisha ipapase kwa kidole, usiamini macho. Ekseli ikianza kupanda, mkono uwe nje. Kila sentimita mbili simama, kagua pande zote mbili. Moja ikihama, shusha uanze upya, hata kama umechoka.

8. Rudisha boliti za shokapu, lakini zikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza ekseli ikining'inia, bushi (raba za kwenye maungio) zinabaki zimejinyonga.

9. Toa relei (swichi ya umeme) ya kompresa, ziba paipu. Taa ya OFF ikibaki inawaka, mwache fundi umeme alale.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu, hii inakubali Harrier?

Mwandishi: Rudia aya ya kwanza. Harrier ya upepo ina mfuko na shokapu kitu kimoja, matairi yote manne. Kazi nyingine.

Buzuruga Stendi: Fundi wangu anasema achukue springi ya gari lolote aikate na grainda.

Mwandishi: Ncha itagota wapi ikishakatwa? Hatua ya 7 umeisoma?

Buzuruga Stendi: Nimeuliza tu.

Mwandishi: Nami nimejibu tu.

Mama Dagaa: Samahani kaka. Nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Shinyanga. Upepo ulikuwa unainua gari lenyewe nikishapakia. Springi itajuaje?

Mwandishi: Haitajua, dada, na umeuliza la maana. Ukipakia itazama, ukishusha itapanda, kwa hiyo unachagua kwa mzigo wako wa kila siku. Angalia unene wa waya: upana wa springi na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, kutoka milimita 15 kwenda 16 ugumu unapanda karibu asilimia 29. Milimita moja tu hiyo! Ukiweka nene mno, siku ya kurudi mtupu itakurusha mpaka Usagara. Unabeba kiasi gani?

Mama Dagaa: Magunia sita, viti vya nyuma nimetoa.

Mwandishi: Waambie dukani springi ya mzigo wa kati. Ile nzito achana nayo.

Mdau wa Geita: Bosi ana pikapu ya Ram 1500 ya upepo. Inawezekana?

Mwandishi: Inawezekana. Ram 1500 ilianza kutumia koili, yaani springi za kawaida, nyuma tangu ya 2009, upepo ukaja kama chaguo kwenye ya 2013, kwa hiyo ndugu yake wa koili yupo. Ila mbele unabadilisha shokapu nzima, na kompyuta lazima iambiwe, la sivyo italalamika kila siku.

Mama Dagaa: Kaka, mbona mifuko yangu imekufa mapema?

Mwandishi: Mwaloni unaegesha wapi?

Mama Dagaa: Mchangani, karibu na mitumbwi.

Mwandishi: Mchanga uliingia kwenye mikunjo, kila tuta ukawa unausaga mpira. Hata ukishaweka springi, pitisha maji pale kwenye kikalio ukirudi. Ila usioshee ziwani.